Askari kijana aliyerudi kutoka Kongo na hapati usingizi: jibu kwa dada wa Wete

Dada mmoja wa Wete, Pemba, anauliza kuhusu mdogo wake wa miaka 24, mwanajeshi, aliyekuwa upande wa Sake, mji ulio karibu na Goma mashariki ya Kongo, pamoja na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakati waasi wa M23 wakisogea kuiteka Goma, Januari 2025. Tangu arudi nyumbani hapati usingizi mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Barazani hakai tena, na humkaripia mkewe kwa neno dogo tu. Usiku mmoja nazi kavu iliangukia bati la jiko. Akamnyakua mtoto wake wa miaka mitatu, akaingia naye chini ya kitanda, akamziba mdomo kwa kiganja mpaka mtoto akaanza kukosa pumzi. Mke anataka kurudi kwao. Wazee wanasema ana kitu, apelekwe akapungwe. Dada anauliza: haya ni maradhi, ni jini au ni tabia, na wafanye nini?

Dada yangu, naanza na mtoto, maana hilo haliwezi kungoja siku ya kliniki. Kuanzia usiku wa leo mtoto asilale chumba kimoja na baba yake. Mwambieni mwenyewe mchana, akiwa ametulia, naye awemo katika uamuzi huo; asije akakuta godoro la mtoto limehamishwa nyuma ya mgongo wake. Askari wengi wakiambiwa hivi hupata nafuu, kwa sababu wao wenyewe huiogopa mikono yao ya usiku. Panga, kisu au chuma chochote anachokiweka chini ya mto nacho kitoke chumbani, kwa makubaliano hayo hayo.

Akiweweseka, mtu yeyote asimguse. Anayemwamsha asimame mlangoni au upande wa miguu, hatua tatu mbali na kitanda. Awashe taa, au tochi ya simu aielekeze ukutani kama umeme umekatika, isimpige machoni. Amwite kwa jina lake la nyumbani, si kwa cheo, kwa sauti ya kawaida, amwambie mahali na saa: "Uko Wete, nyumbani, saa 9 usiku, mimi dada yako." Arudie mpaka ajibu. Akishajibu kwa akili zake ndipo asogelewe. Kumtikisa bega au kumwagia maji ndiko kunakowafanya wake wengi wakabwe na waume ambao asubuhi hawakumbuki lolote.

Sasa swali lako. Haya ni maradhi, yana jina na yana tiba. Kwa Kiswahili cha hospitali huitwa maradhi ya kiwewe, na yaliingia rasmi katika orodha ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Hali yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Wazee waliokwenda Uganda katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wanaijua, ijapokuwa wengi waliibeba kimya kimya na majirani wakawaita wakali au walevi.

Ile nazi ndiyo inayoeleza kila kitu. Askari aliyekaa chini ya makombora hujifunza kujilaza kwanza na kufikiri baadaye, kwa kuwa anayesimama kuuliza sauti ni ya nini hafiki jioni. Ndani ya ubongo ipo sehemu ndogo, amigdala, inayotoa amri ya hatari kabla ya akili ya kufikiri haijapata habari. Moyo hukimbia, misuli hukaza, masikio huchagua sauti moja tu. Mafunzo haya hayafutiki kwa kupanda boti kurudi Pemba. Na kumbukumbu iliyoingia katika hofu kubwa hukaa vipande vipande: mlio, harufu, mwanga, bila ya kufungwa barabara na mahali na tarehe. Kwa hivyo bati likilia, mwili wake hauambiwi kwamba hili ni jambo la zamani la Kongo. Unaambiwa kombora limeanguka sasa hivi. Na kile kiganja mdomoni mwa mtoto: kwa alivyokuwa wakati ule, nadhani alikuwa akimficha asisikike na adui. Mwelezeni mkewe hivyo. Halimwondolei hatari, lakini atajua mumewe alikuwa akitaka nini.

Daktari atatafuta mambo ya namna tatu: tukio kumrudia kama linatokea tena, kwa jinamizi au akiwa macho, kukwepa watu, sehemu na mazungumzo yanayomkumbusha, na kuwa macho muda wote, kushtuka, kuhamaki, kukosa usingizi. Mara nyingi huongezeka kufa ganzi ya moyo: hafurahii mtoto, hali kwa hamu, anasema hastahili kuwa hai. Mwezi wa kwanza baada ya vita karibu kila mtu ana kitu katika haya, na wengi hupoa wenyewe. Yakipita mwezi na yakamharibia kazi au nyumba, hapo ni maradhi. Lako wewe limeshapita muda huo mbali sana, kwa hivyo msiendelee kungoja. Lipo dodoso la maswali 20, liitwalo PCL-5, lenye alama kuanzia 0 hadi 80. Anayefikia 31 mpaka 33 au zaidi anahitaji kuchunguzwa vizuri. Mwombeni daktari alitumie siku ya kwanza na kila baada ya wiki chache. Alama zikishuka kwa 10 au zaidi, ni dalili kwamba tiba inafanya kazi, hata kama yeye mwenyewe anasema hajaona tofauti.

Kabla ya kusema ni kiwewe peke yake, yaangaliwe mambo ambayo hufanana nacho au huambatana nacho, na hapa ndipo waganga wa hospitali wenye haraka hukosea. La kwanza ni kichwa. Kombora likipasuka karibu, mshindo wake peke yake huutikisa ubongo bila ya kuacha kovu nje. Muulizeni kama alipoteza fahamu hata kwa dakika moja, kama alitapika au kuona mawili mawili baadaye, kama sasa anaumwa na kichwa, anasahau, anakerwa na mwanga. La pili ni masikio. Mtu ambaye sikio lake linapiga mluzi usiku kucha hawezi kulala, na asiyesikia vizuri huonekana mkaidi anapoitwa. Apimwe usikivu. La tatu ni dawa ya kuzuia malaria. Wanajeshi wa nchi mbalimbali wamepewa meflokwini, inayojulikana pia kwa jina la Lariam, kidonge kimoja kwa wiki. Dawa hii inaweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na kizunguzungu, na kwa watu wachache dalili hubaki baada ya kuiacha; mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa. Muulizeni alikuwa anameza nini huko, kila siku au kila wiki, na amwambie daktari.

La nne mnalijua na hamlisemi. Ulevi, bangi, vidonge vya tramadoli, na unga ambao umewamaliza vijana wengi visiwani kwetu. Pombe humwangusha usingizini saa tatu au nne za mwanzo, kisha nusu ya pili ya usiku jinamizi huja na nguvu zaidi. Akigundulika anatumia, asitolewe nje ya nyumba kwa aibu. Ni dawa aliyojichagulia kwa kukosa nyengine, na akitibiwa kiwewe peke yake huku analewa, hatapona kimojawapo. Ila kama anakunywa kila siku kwa wingi, asikatishwe ghafla nyumbani. Kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa kwa kukatishwa pombe kunaweza kuua. Hilo lifanyike hospitali.

Tiba yenye nguvu zaidi ni ya mazungumzo, lakini si mazungumzo yoyote. "Jikaze", "sahau", "mshukuru Mungu umerudi" ni maneno ya mapenzi, hayatibu. Na kumkalisha mtu mara moja akasimulia yote kwa siku moja hakusaidii. Kunaweza hata kumzidishia. Kinachotibu ni kuirudia kumbukumbu kwa mpango, pamoja na mtu aliyefundishwa, mara kadhaa, mpaka ipate mwanzo, kati na mwisho.

Namna mojawapo nitaieleza kwa karibu, kwa kuwa imejengwa kwa ajili ya sehemu zenye wataalamu wachache. Imetumika na wakimbizi wa Rwanda na Somalia nchini Uganda kwa kutumia washauri wasio madaktari, na imejaribiwa na wapiganaji wa zamani huko huko mashariki ya Kongo. Siku ya kwanza kamba hutandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwake. Kila jambo jema huwekewa ua, kila jambo la kutisha huwekewa jiwe, na kwa wapiganaji huongezwa kijiti kwa kila tendo ambalo yeye mwenyewe alilifanya kwa mwengine. Sehemu ya mwisho ya kamba huachwa imekunjwa, maana maisha bado yapo. Kisha kwa vikao 8 hadi 12, mara moja au mbili kwa wiki, dakika 90 hadi 120 kila kikao, husimulia maisha yake kwa mfuatano. Wakifika kwenye jiwe hupunguza mwendo: ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, mkono wako wa kulia ulishika nini, ulinusa nini, mwili ulifanya nini wakati ule na unafanya nini sasa ukiwa hapa kwenye kiti. Mshauri huandika, kikao kinachofuata humsomea, naye husahihisha. Hapo kile kipande kisicho na tarehe huanza kupata mahali pake.

Kinachoharibu ni kikao kifupi. Ukimwachia mtu dakika 30 na ukamsimamisha hofu ikiwa juu kabisa, umemfundisha kwamba kukumbuka hakuna mwisho. Asiondoke kabla hofu haijashuka. Jengine ni familia kumtoa katika tiba baada ya vikao viwili vitatu kwa sababu jinamizi limeongezeka. Kuongezeka kidogo mwanzoni ni kawaida na hupungua. Msikate tamaa hapo.

Zipo njia nyengine zenye ushahidi mzuri, kama ile ya vikao 12 inayochambua fikra za "mimi ndiye niliyesababisha". Si lazima mchague jina. Mkifika hospitali ulizeni hivi: "Mna mtu anayefanya tiba ya kiwewe, ya kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua?" Anzeni Hospitali ya Wete au ya Chake Chake, mwulize muuguzi wa afya ya akili na siku za kliniki yake. Wakiwaandikia rufaa kwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, nendeni. Najua jina hilo linavyosemwa mitaani. Kijana anayekwenda pale kwa kiwewe hukaa kwenye kiti, huzungumza, hupewa tarehe ya kurudi, kisha huenda zake.

Dawa zina nafasi yake, hasa kama hakuna wa kufanya tiba ya mazungumzo, au kama huzuni imekuwa nzito. Zinazoaminika ni za kundi la sertralini na fluoksetini. Sertralini kwa kawaida huanza miligramu 25 au 50 mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuipandisha kidogo kidogo hadi 200. Fluoksetini huanza 20, asubuhi. Kazi yake huonekana baada ya wiki 4 hadi 6, lakini usumbufu huja siku za mwanzo: kichefuchefu, tumbo kulegea, kichwa, kutotulia. Ndiyo maana wengi huacha wiki ya pili na kusema dawa haifai. Sababu nyengine ya kuacha haisemwi mbele ya dada: dawa hizi zinaweza kuchelewesha au kuzuia kumaliza tendo la ndoa. Daktari mwanamume amwambie mapema, akiwa naye peke yake, kwamba likitokea lina ufumbuzi. Akipata nafuu aendelee nazo kwa mwaka mmoja hivi, kisha zipunguzwe polepole. Mwezi wa Ramadhani hakuna haja ya kuacha, ni kidonge kimoja kwa siku: fluoksetini wakati wa daku, sertralini daku au futari.

Kwa kuwa bado hajatimiza miaka 25, wiki za mwanzo za dawa, na kila inapopandishwa, mwangalieni kwa karibu. Katika umri huo mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kidogo kabla dawa haijashika. Amitriptilini hutolewa sana kwa usingizi na inasaidia baadhi ya watu, ila vidonge vyake vingi kwa pamoja vinaua, kwa hivyo pakiti ishikwe na mtu mwengine na apewe dozi ya siku tu. Diazepamu msiikubali iwe tiba. Humtuliza usiku mmoja, humfanya mtumwa wake ndani ya wiki chache, na hudhoofisha tiba ya kumbukumbu. Dawa ya usingizi ya kununua duka la dawa bila ya cheti iko katika hukumu hiyo hiyo.

Kuhusu kupungwa, sitaki mgombane na wazee. Wakimsomea Kurani kwa utulivu, akanywa kombe, na yeye mwenyewe anataka, hakuna ubaya, na moyo wa mtu wa dini hupata faraja. Ninachokikataa ni ngoma za kishindo usiku, kumfungia katika chumba chenye moshi, kumpiga ili "kitu" kitoke, kumfunga kamba, kumnyima chakula, na mganga kumwamuru aache vidonge. Fikiria mwenyewe: mtu ambaye mshindo na moshi ndivyo vinavyomrudisha Sake, anafungiwa na mshindo na moshi. Atapiga mtu, au atakimbia. Mkiafikiana na wazee, afadhali mambo mawili yaende pamoja, na tarehe ya hospitali isiahirishwe kwa ajili ya lile jengine.

Huenda pia analo jambo la dhamiri: alichokifanya, alichoshindwa kukizuia, mwenzake aliyebaki. Dawa hazilifikii hilo. Mtafutieni sheikh anayejua kusikiliza, mzungumze naye kabla, mumwombe asifanye haraka ya kutoa hukumu wala kumwambia asubiri. Sabri ikitajwa kabla mtu hajamaliza kusema humfunga mdomo.

Nyumbani, mambo machache yana faida kubwa. Kahawa ya barazani ikome baada ya alasiri. Aamke saa ile ile kila siku, alfajiri inatosha, hata kama amelala kwa muda wa saa mbili tu, na mchana asilale zaidi ya dakika 20. Akikaa kitandani bila usingizi kwa muda wa kama nusu saa, atoke, akae ukumbini mpaka macho yawe mazito. Mara mbili kwa siku afanye pumzi: kuvuta kwa kuhesabu hadi 4, kutoa hadi 6, dakika 5. Afanye akiwa mzima, ili siku ya hofu mwili uwe umeshazoea. Hofu ikipanda, maji ya baridi usoni na mikononi, miguu wazi chini, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona.

Kukwepa ndiko kunakoyalisha maradhi haya. Kila anapokimbia msongamano, mwili hupata somo kwamba umeokoka kwa kukimbia. Rudisheni kidogo kidogo. Mfano wa msikiti: aanze na adhuhuri ya siku ya kawaida, safu ya mwisho karibu na mlango, kisha abaki amekaa baada ya salamu mpaka hofu ishuke kiasi cha nusu, hata ikichukua dakika 40. Arudie mpaka adhuhuri iwe nyepesi, ndipo magharibi, na Ijumaa iwe ya mwisho. Kosa ni kuanza na Ijumaa, au kutoka hofu ikiwa kileleni.

Vishindo vinavyojulikana tarehe, mwambieni mapema. Fataki za watoto wa Iddi, na fashifashi za mkesha wa Mapinduzi usiku wa kuamkia Januari 12 kama mtakuwa Unguja. Iddi ya kuchinja, asilazimishwe kushika kisu. Damu na harufu yake zinaweza kumrudisha mtu vitani haraka. Nazi zilizokauka juu ya mnazi ulioinamia bati, mwiteni mkwezi aziangue.

Mkewe naye ana haki yake. Kiwewe kinaeleza hasira, hakihalalishi kipigo. Akipigwa, au akihofia, aondoke na mtoto kwenda kwa wazazi wake kwa muda na aende kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowasaidia waliofanyiwa ukatili. Kuondoka kwake kwa usalama si kumtupa mume. Wakati mwengine ndiko kunakomfanya akubali tiba.

Halafu muulizeni jambo zito kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii fikra. Humwonesha kwamba neno hilo linasemeka katika nyumba hii. Akijibu ndiyo, na akawa na njia aliyoifikiria, asiachwe peke yake; hata chooni, mlango usifungwe kwa ndani. Ondoeni kamba, dawa za wadudu za shambani, vidonge na mapanga, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Mtu aliyekuwa na dhiki kubwa kisha ghafla akawa mtulivu, akaanza kugawa vitu vyake na kulipa madeni, mwangalieni zaidi ya yule anayelia.

Kwa upande wa jeshi, ikiwa bado yuko kazini, aende kwenye kituo cha tiba cha kikosi chake na aeleze dalili zote ziandikwe kwenye faili, pamoja na tarehe na sehemu alikokuwa. Vijana wengi huficha wakihofia kupoteza kazi, kisha hukamatwa na kosa la nidhamu, na kosa la nidhamu lisilo na faili la matibabu nyuma yake ni gumu zaidi kulitetea. Kikosi kinaweza pia kumpa rufaa ya Hospitali ya Jeshi Lugalo, Dar es Salaam. Madai ya ulemavu uliopatikana kazini huhitaji maandishi hayo hayo, na maandishi ya miaka mitano baadaye hayana uzito wa ya leo.

Siku ya kwanza ya kliniki nendeni watu wawili: yeye na mmoja anayemwamini, si ukoo mzima. Chukueni karatasi mliyoandika kwa siku saba mfululizo: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, jinamizi mara ngapi, alishtuliwa na nini, amekula na kunywa nini. Chukueni na pakiti tupu za dawa zote alizomeza, za hospitali na za duka. Mwombeni daktari dakika chache akae naye peke yake bila wewe, kwa kuwa yapo ambayo hatayasema mbele ya dada yake.